Mashahidi Wawili Wakweli

Maneno mawili yanapopingana, watu wengi humtafuta mwongo. Mmoja akisema kitu kipo, na mwingine akisema hakipo, twadhani kuwa lazima mmojawapo anatudanganya, na kazi yetu huwa ni kuchagua yupi wa kumshutumu. Njia hii ni nyepesi, na wepesi wake ndio unaoifanya ipendwe. Lakini iko hali nyingine ambayo hutukuta mara nyingi kuliko tunavyotambua: mashahidi wote wawili husema kweli, ila kila mmoja asema habari za nyumba yake. Katika hali hiyo kumtafuta mwongo ni kupoteza wakati bure, na pengine ni kumvunjia heshima mtu asiye na hatia. Swali lipasalo kuulizwa si “Nani mwongo?” bali “Kila mmoja anazungumza habari za nyumba ipi?”

Somo hili nililiona likifundishwa waziwazi katika Soko la Burma, mjini Nairobi, na mwalimu wake alikuwa asiyetazamiwa: kompyuta iliyokataa kazi.

Kwa msomaji asiyelijua soko hilo, nitaeleza kidogo. Burma iko kando ya Barabara ya Jogoo, karibu na uwanja wa mpira na mitaa ya Kaloleni na Shauri Moyo. Sifa yake ni nyama. Alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya mapaa ya mabati, nyama hushushwa ikiwa nusu na robo, na kila kipande kina mhuri wa mkaguzi. Sauti ya shoka juu ya magogo husikika mpaka jioni. Jina lake lilitoka mbali. Katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia askari wa Afrika ya Mashariki, waliojulikana kwa jina la Keya, walivushwa Bahari ya Hindi kwenda kupigana na Wajapani katika nchi ya Burma. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki iliteremka bonde la Kabaw katika mvua, matope na malaria, ikafika Kalewa penye mto Chindwin mwezi wa Desemba. Waliojaliwa kurudi walirudi na jina la nchi ile midomoni, na wazee wa mitaa hii husimulia kwamba soko lilipata jina lake kwa ajili yao. Mwaka 1989 serikali ya nchi ile iliacha kutumia jina la Burma katika lugha ya Kiingereza, ikataka nchi iitwe Myanmar. Soko halikufuata. Hivyo mtoto wa Kaloleni akitumwa Burma kununua matumbo hatafuti meli; huvuka barabara tu.

Ndani ya soko lenyewe majina hugongana vivyo hivyo. Ukiita “Kamau!” kwa sauti, vichwa vitatu vinne hugeuka kwa pamoja. Wenyeji hawakasiriki kwa jambo hilo, wala hawamwiti yeyote kati yao kuwa Kamau wa uongo. Huongeza neno: Kamau wa mbuzi, Kamau wa matumbo, Kamau wa mlangoni. Kwa neno hilo dogo utata huisha, na kila mtu hupata nyama aliyoitaka. Naomba msomaji aiweke akilini desturi hiyo, maana dawa ya ugonjwa nitakaousimulia ni hiyo hiyo.

Wapo katika soko hilo wauzaji 18 walioungana katika chama cha akiba. Kila Jumamosi kila mmoja hutoa shilingi 500, na jumla ya juma ni shilingi 9,000. Baada ya majuma 50 chama huwa na shilingi 450,000, na katikati ya Desemba fedha hugawanywa ili watu walipe karo, wasafiri kwenda kwao, au waongeze mtaji. Mtunza hazina ni mzee mmoja auzaye nyama ya mbuzi, ambaye gogo lake limebonyea katikati kwa miaka mingi ya shoka. Wenzake walimchagua kwa kuwa mizani yake haijapata kulalamikiwa. Mimi ni mwalimu wa hesabu katika mtaa wa jirani, nami huitwa kila mwaka kusoma hesabu mbele ya wanachama wote, kwa sababu si mwanachama na sina fungu katika fedha zao.

Mwaka 2023, majuma mawili kabla ya siku ya kugawa, ulizuka mnong’ono. Mwanachama mmoja alikuwa amesimama nyuma ya mzee wakati simu ya chama ilipofunguliwa, akaona salio: shilingi 130,000 tu. Habari ikapita kibanda kwa kibanda. Mzee alipoulizwa alijibu, “Fedha zote zipo. Siku ya hesabu mtaziona.” Alisema hivyo mara moja tu, kwa sauti ya mtu asiyezoea kuulizwa mara mbili, akaendelea kukata nyama. Jibu lake, badala ya kuuzima moto, liliupulizia. Simu yasema shilingi 130,000. Mzee asema zote zipo. Basi, watu walifikiri, mmoja wao ni mwongo, na simu haina tumbo la kushibisha. Watu ambao kwa miaka mingi waliazima kisu kwake walianza kupita mbele ya kibanda chake bila salamu. Sokoni mtu akinyimwa salamu amekwisha kuhukumiwa, hata kama kesi yake haijasikizwa.

Mjukuu wake, msichana aliyekuwa akisoma katika chuo cha ufundi, aliumia moyo kwa ajili ya babu yake. Malipo ya watu 18 kwa majuma 50 ni maingizo 900, nayo yalikuwa yametapakaa katika daftari, katika taarifa za simu, na katika taarifa za benki. Aliyanakili yote katika jedwali la Excel, kisha akaandika programu kwa lugha ya Python ili ilisome jedwali, ijumlishe malipo ya kila mtu, na ioneshe kila shilingi imekaa wapi. Chuoni aliijaribu kwa majina machache, ikafanya kazi. Lakini chuo kilifungwa kwa likizo, na hesabu kamili ilipasa kufanywa katika kompyuta ya nyumbani, ambayo babu alimnunulia ikiwa imekwisha kutumiwa na mtu mwingine. Huko programu ilikataa katika mstari wake wa kwanza. Iliandika hivi:

ModuleNotFoundError: No module named 'openpyxl'

Maana yake ni kwamba hakuna moduli yenye jina la openpyxl. Hiki ni kifurushi cha msaada kinachoiwezesha Python kusoma majedwali ya Excel. Lugha hii ina vifurushi vingi vya namna hiyo, vilivyotungwa na watu wa kila nchi na kuwekwa katika ghala la wote. Mwenye haja hukiagiza alichokitaka kwa chombo kiitwacho pip. Msichana akafanya kama alivyofundishwa. Alifungua dirisha la amri akaandika:

pip install openpyxl

Chombo kikajibu kwa maneno ya Kiingereza ya kuwa hitaji hilo limekwisha timizwa. Yaani kifurushi kipo, hakuna la kuleta. Akarudi kwenye programu yake: hakipo. Akarudi kwa pip: kipo. Aliiondoa Python akaiweka upya, akinunua bando za intaneti kwa fedha ambazo hakuwa nazo nyingi. Akaiondoa tena, akaiweka tena. Majibu hayakubadilika hata herufi moja. Zilipobaki siku nne alinijia jioni, kompyuta ikiwa kwapani.

“Mwalimu,” alisema baada ya salamu, “kompyuta hii inanidhihaki. Nikiiuliza huku inasema kipo, nikiiuliza kule inasema hakipo. Nadhani imeharibika.”

“Uliyemwuliza ni nani?” nikamwuliza.

“Nimeiuliza kompyuta.”

“Kompyuta ni nyumba ya kupanga yenye vyumba vingi, mwanangu. Nataka kujua ni nani ndani yake aliyekujibu mara ya kwanza, na ni nani aliyekujibu mara ya pili.”

Alinyamaza, kisha akasema, “Si Python?”

“Python yupi?”

Swali hilo lilimshangaza, na huenda linamshangaza msomaji pia. Kwa hiyo yafaa nieleze jinsi jina moja linavyoweza kuwa na wenyewe wengi. Lugha ya Python ilianzwa na Mholanzi Guido van Rossum mwezi wa Desemba mwaka 1989, alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha hesabu na kompyuta mjini Amsterdam, na toleo la kwanza likatolewa kwa watu mwaka 1991. Neno hilo kwa Kiingereza ni chatu, lakini mwenye lugha hakumfikiria nyoka. Alilichukua jina kutoka kwa Monty Python, kundi la wachekeshaji wa Uingereza. Toka siku zile matoleo yamefuatana. La pili lilikuja mwaka 2000, la tatu mwaka 2008, na haya mawili hayakuelewana kabisa: programu nyingi zilizoandikwa kwa la pili zilikataa kwenda kwa la tatu. Kwa zaidi ya miaka 11 yalikaa pamoja katika kompyuta za dunia kama wake wenza, mpaka utunzaji wa toleo la pili ulipokomeshwa tarehe 1 Januari mwaka 2020. Hata ndani ya toleo la tatu wamo wadogo wengi: 3.9, 3.10, 3.11, 3.12, na wengine waliowafuata. Zaidi ya hayo, yako makundi yanayoifunga Python pamoja na mamia ya vifurushi na kuitoa kwa jina lao. Mojawapo ni Anaconda, lipendwalo na watu wa takwimu na sayansi, nalo huja na Python yake yenyewe pamoja na pip yake yenyewe.

Sasa jambo la kukumbuka ni hili: kila Python inayowekwa katika kompyuta huwa na nyumba yake na ghala lake. Kifurushi kilichowekwa katika ghala la mmoja hakionekani na mwenzake, hata kama folda zao zimepakana. Kibanda cha mbuzi na kibanda cha ng’ombe huweza kutengwa na ubao mmoja tu, lakini nyama iliyoning’inia upande huu haiuzwi upande ule.

Nilimwomba msichana aulize kila shahidi anatoka wapi. Kwanza, katika dirisha la amri, aliandika:

pip --version

Jibu la amri hii haliishii katika namba ya toleo; hutaja pia folda ambamo pip hiyo inakaa, na Python ambayo inaitumikia. Lilitaja folda ya Anaconda, na Python 3.9. Kisha akaenda kwenye dirisha ambamo huandikia na kuendeshea programu yake, akaandika mistari miwili:

import sys
print(sys.executable)

Mistari hii humtaka Python mwenyewe ataje anwani ya nyumba yake. Akataja folda nyingine kabisa, ile ya Python 3.12 ambayo msichana aliiweka kwa mkono wake.

Aliitazama ile anwani ya kwanza, akaitazama ya pili, akacheka kwa mara ya kwanza jioni ile. “Mwalimu, mimi sijapata kuiweka Anaconda.”

Ni kweli hakuiweka. Aliyeiweka ni mwenye kompyuta wa kwanza, mtu tusiyemjua, aliyeiuza bila kuifuta. Anaconda yake ilibaki humo na ghala lake lote, na openpyxl ilikuwa ndani ya ghala hilo tangu zamani. Basi pip iliposema kifurushi kipo, ilisema kweli: kipo katika nyumba ya Anaconda. Na Python 3.12 iliposema hakipo, ilisema kweli vilevile: katika nyumba yake hakikuwamo. Hapakuwa na mwongo, wala kompyuta haikuwa imeharibika. Palikuwa na nyumba mbili, na mtu aliyekuwa akibisha mlango mmoja huku akingojea jibu katika mlango wa pili. Ndiyo maana kuondoa na kuweka upya hakukusaidia kitu. Kila mara alijenga upya nyumba ya 3.12, kisha akaenda kuomba kifurushi katika nyumba ya Anaconda.

Lakini kwa nini jina la pip lilikwenda Anaconda moja kwa moja, na si kwa 3.12? Kompyuta huwa na orodha ya folda iitwayo PATH. Ukiandika jina la amri, huipita orodha hiyo folda kwa folda tangu juu, na mahali pa kwanza inapolikuta jina hilo husimama pale pale; haiendi mbele kuona kama yuko mwingine. Ni kama mtoto aliyetumwa, “Niletee nyama kwa Kamau.” Ataingia kwa mlango wa Burma, na Kamau wa kwanza atakayemkuta ndiye atakayemuuzia. Mtoto huyo si mkaidi. Aliyemtuma ndiye aliyempa jina lisilotosha. Katika kompyuta ile Anaconda ilikuwa juu ya orodha.

Dawa, basi, ni ile ya soko: ongeza neno moja, umtaje unayemtaka. Badala ya kuita pip tu, msichana aliandika:

py -3.12 -m pip install openpyxl

Maana yake ni hii: ewe Python 3.12, wewe na si mwingine, tumia pip yako mwenyewe uniletee kifurushi hiki. Katika kompyuta za Linux na za Mac neno py halitumiki hivyo; huandikwa python3 -m pip, ama python3.12 -m pip ikiwa wako wengi. Neno -m ndilo lenye faida, kwa kuwa humfunga mtumwa na bwana wake: Python anayeitwa ndiye anayepokea.

Kifurushi kikashuka kwa nusu dakika. Hata hivyo sikutaka tuishie hapo, kwa sababu leo kuna programu moja, na mwakani zitakuwa tano, kila moja ikitaka vifurushi vya matoleo yake. Ndipo ugomvi utakapoanza tena ndani ya nyumba moja. Tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012, Python ina njia ya kuipa kila kazi chumba chake, kiitwacho mazingira pepe. Aliandika amri tatu hizi, moja baada ya moja:

py -3.12 -m venv chama
chama\Scripts\activate
python -m pip install openpyxl

Ya kwanza hujenga chumba kiitwacho chama. Ya pili humwingiza mtu ndani yake. Ya tatu huweka kifurushi humo. Maadamu umo chumbani, jina la python lina mwenyewe mmoja tu. Katika Linux na Mac amri ya kwanza ni python3 -m venv chama, na ya pili ni source chama/bin/activate. Kazi ikiharibika, chumba hufutwa na kujengwa kingine, na nyumba nzima haitikisiki. Alipoiendesha programu yake akiwa chumbani, mistari 900 ilisomwa kabla hajakunja mkono.

Siku ya hesabu wanachama waliketi juu ya mabenchi na masanduku nyuma ya vibanda. Nilisoma jina kwa jina. Kila mtu aliletewa jumla yake, shilingi 25,000, na kila Jumamosi yake ilionekana. Kisha nikasoma mahali fedha zilipokaa: katika simu, shilingi 130,000, katika benki, shilingi 320,000, jumla shilingi 450,000. Taarifa ya benki ikapitishwa mkono kwa mkono. Ikaonekana kwamba kila salio la simu lilipokaribia kuwa kubwa, mzee alipeleka sehemu benki, kwa kuwa aliogopa kutembea usiku na akiba ya watu 18 mfukoni. Alikuwa ameyaandika hayo katika daftari, na hakuna aliyeomba kuliona.

Simu ilisema kweli, na mzee alisema kweli. Simu haikuwa na habari za benki, kwa kuwa si nyumba yake. Mzee alizijua nyumba zote mbili. Kwa siku 14 watu wenye akili, wanaojua kutambua kwa macho nyama ya jana na ya leo, walimnyima mwenzao salamu kwa kukosa kuuliza swali la maneno mawili: zipo wapi? Yule aliyeliona salio la kwanza alisimama akasema, “Mzee wetu, tusamehe.” Mzee akajibu, “Njoni kesho mapema, mbuzi watakuwa wanono,” na watu wakacheka, lakini niliona mkono wake ukitetemeka alipokuwa akikunja karatasi. Msamaha huponya jeraha. Hauzirudishi siku 14.

Sidai kuwa kila mtunza hazina anayenong’onwa hana hatia. Wapo wanaokula fedha za vyama, kama vile zipo kompyuta ambazo kifurushi hakimo kabisa na hakina budi kuletwa. Ninasema tu kwamba swali la mahali hutangulia swali la hatia. Likiulizwa kwanza, huwaokoa wasio na kosa, na wenye kosa halipunguzii adhabu hata kidogo.

Iko na hatari ya pili, ya mtu ambaye akigundua kuwa nyumba ni mbili hutaka kuibomoa moja kwa hasira. Katika kompyuta ile msichana angeweza kuiondoa Anaconda bila madhara, kwa kuwa haikuwa na mtumiaji. Lakini katika mifumo mingi ya Linux, kama Ubuntu na Debian, iko Python ambayo mfumo wenyewe huitegemea kwa kazi zake za ndani. Wako watu walioing’oa wakidhani kuwa ni takataka, na kompyuta zao zikapoteza hata dirisha la kufanyia kazi. Kwa sababu ya ajali za namna hii Debian 12, iliyotolewa mwaka 2023, humkataza mtu kutumia pip kupachika vifurushi katika nyumba ya mfumo, na humwambia ajenge mazingira pepe. Usiing’oe nguzo kabla hujatazama juu yake kumeegemea nini.

Kwa hiyo, msomaji kijana, siku kompyuta itakapokuambia kwamba kitu ulichokiweka hakipo, usiipige, usiifute, wala usinunue bando nyingine kwa kulipia kazi ambayo imekwisha fanyika mahali pengine. Uliza. Katika Windows, amri ya py -0p hukuonesha Python zinazojulikana na folda zao. Amri ya where python hukuonesha zile zilizo katika PATH kwa mpangilio wake. Katika Linux na Mac, which -a python3 hufanya kazi hiyo. Mwulize pip anwani yake, mwulize Python anwani yake, uzilinganishe. Zikiwa mbalimbali umekwisha ujua ugonjwa. Zikiwa moja, tazama kama hukuliita faili lako kwa jina la kifurushi unachokitafuta, maana Python hutazama kwanza katika folda ya programu yenyewe, na faili liitwalo openpyxl.py litajibu mahali pa openpyxl ya kweli. Nalo pia ni jina moja lenye wenyewe wawili.

Na siku utakaposikia maneno mawili yanayopingana juu ya mtu, fanya vivyo hivyo. Mwulize kila msemaji aliona nini, akiwa wapi, na mlango gani hakuufungua. Kazi hiyo haihitaji elimu kubwa. Yahitaji subira, na subira ni bei ndogo kwa heshima ya mtu. Ukishauliza hayo, ndipo utafute mwongo, ikiwa bado yupo wa kutafutwa.